Mbolezi za Wheta: Hotuba kuhusu Kofi Awoonor, Mshairi na Mhariri wa Ghana

Waheshimiwa wazee, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote wapenzi wa ushairi mliojumuika nasi jioni hii hapa Nairobi, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya Kofi Awoonor. Katika jiji hili jina lake limefungamana na siku moja, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, na siku hiyo nitaifikia. Lakini nawaombeni ruhusa nisianzie hapo, kwa kuwa mtu aliyeishi miaka 78, akatunga, akahariri tungo za wenzake, akafundisha, akafungwa na akaiwakilisha nchi yake ughaibuni, hatendewi haki anaposimuliwa kuanzia saa yake ya mwisho. Nataka tuanzie kwenye mchanga.

Kusini-mashariki mwa Ghana, karibu na mpaka wa Togo, uko mji uitwao Keta. Umekaa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga. Upande mmoja bahari ya Atlantiki, upande wa pili ziwa kubwa la maji ya chumvi. Mwaka 1784 Wadenmark walijenga ngome hapo, wakaiita Prinzenstein, na ngome hiyo ikatumika katika biashara ya watumwa. Leo sehemu kubwa yake haipo, imebomolewa na mawimbi. Na si ngome peke yake, maana katika karne ya 20 bahari iliimeza mitaa ya Keta mmoja baada ya mwingine, vizazi kwa vizazi vya watu vikirudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi hapakuwa na pa kurudi ila ndani ya lile ziwa, mpaka serikali ilipojenga kingo za mawe ambazo zilikamilika mwanzoni mwa karne hii.

Awoonor ana shairi kuhusu jambo hili, na wengi wetu tulilikuta shuleni. Linasema tu kwamba huko kwao bahari huila nchi. Halimlaumu mtu wala halitafuti maana ya siri katika mawimbi. Linahesabu vitu: kuku, vyungu, miiko, vyote vimechukuliwa na maji yaliyoingia usiku wa manane. Linamtaja mwanamke mmoja kwa jina lake, amesimama pale palipokuwa na jiko lake, mikono kifuani, na watoto wake wawili wanatetemeka kwa baridi. Linamtaja mwingine, aliyepoteza vito vilivyokuwa mahari yake na furaha yake.

Nilipokuwa kidato cha tatu nililiona shairi hili kuwa jepesi mno. Nilikuwa nimezoea vina na mizani, na nilidhani msiba mkubwa hudai maneno makubwa. Ilinibidi nikumbuke jambo nililoliona nyumbani kwetu, bara ya Kilifi, ndipo nilielewe. Marehemu nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa akiitwa matangani ili aanzishe nyimbo. Alipofika hakuanza na sifa za marehemu. Alianza na jembe lililoegemezwa ukutani, na mtungi ambao tangu asubuhi haukuwa na wa kuujaza. Waliokuwa wamejikaza tangu alfajiri ndipo walipolia. Siku nilipoziweka pamoja sauti ya nyanya yangu na vyungu vya Keta, nilitambua kwamba mshairi huyu hakuwa ameandika jepesi. Alikuwa ameandika mbolezi, wimbo wa kuomboleza.

Na mbolezi ndiyo shule aliyosomea kwanza. Alizaliwa Wheta, si mbali na lile ziwa la Keta, tarehe 13 Machi 1935, nchi ilipokuwa ikiitwa Pwani ya Dhahabu chini ya Waingereza. Aliandikishwa kwa jina la George Awoonor-Williams. Upande wa babake ulikuwa na asili ya Sierra Leone, na upande wa mamake ulikuwa wa watu wa Anlo, tawi la pwani la kabila la Ewe. Bibi yake alikuwa mwimbaji wa mbolezi, na mtoto huyu alikua akimsikia. Baadaye alipelekwa shule ya Achimota, kisha Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon, ambako alihitimu mwaka 1960. Huko alisomeshwa ushairi wa Kiingereza kama walivyosomeshwa vijana wote wa makoloni. Lakini ukimsoma kwa makini utaona kwamba Legon ilimpa karatasi na wino. Wimbo alikuwa nao tayari.

Niwaeleze kidogo juu ya watu hawa wa Ewe, kwa sababu bila hayo tungo zake nyingi zinabaki gizani. Masimulizi yao yanasema walitoka Notsie, mji uliomo katika Togo ya leo, wakimkimbia mfalme katili aliyeitwa Agokoli. Walitoboa ukuta wa mji usiku wakatoka, na ili wasifuatwe walitembea kinyumenyume, nyayo zao zikaonekana kana kwamba watu wameingia mjini, kumbe wametoka. Safari hiyo imo katika shairi lake refu lililoipa jina diwani ya mwaka 1971, Night of My Blood. Kwa watu wenye kumbukumbu ya aina hii, kwenda mbele huku uso ukiangalia ulikotoka si udhaifu. Ndivyo walivyookoka.

Sasa nifike kwa Akpalu, maana huwezi kumzungumzia Awoonor dakika kumi bila kumtaja Vinoko Akpalu.

Akpalu alikuwa malenga wa Anlo ambaye hakuandika kitabu hata kimoja. Alitunga kwa Kiewe, na mtindo wake wa mbolezi ulienea hadi ukawa ndio unaoimbwa katika misiba ya eneo zima. Alikuwa fukara na hakujaliwa mtoto, na jambo lililowashangaza watu ni kwamba alijililia mwenyewe angali hai, akijitaja kwa jina katikati ya wimbo, akiuliza ni nani atakayemzika. Awoonor kijana alizibeba nyimbo hizi kichwani. Alipoandika shairi lake mashuhuri la huzuni, lile linaloanza kwa kumlalamikia Dzogbese Lisa, yaani kudra, kwamba imemfikisha kwenye visiki vya msituni ambako kurudi hakuwezekani na kusonga mbele ni taabu, alikuwa anamsikia Akpalu. Anaposema kwamba mambo ya dunia ni kama kinyesi cha kinyonga alichokikanyaga, kila akikipangusa hakitoki, ni Akpalu huyo huyo. Na ile nyumba kubwa ya ukoo isiyobaki chochote ila ua uliovunjika, na wale ambao hawakuthubutu kumtazama mwenye nyumba usoni sasa wamejitokeza kama wanaume, nayo ni ya wimbo huo huo.

Wako wahakiki walioonyesha, na walionyesha kweli, kwamba mistari kadhaa ya Awoonor imetoka karibu moja kwa moja katika nyimbo za Akpalu. Swali likaulizwa: je, huyu ni mshairi au ni mfasiri asiyekiri? Sitalikwepa, kwa sababu nadhani maisha yake yote ya uhariri ni jibu la swali hilo.

Katika mapokeo ya mbolezi wimbo haukai kabatini. Anayeimba leo anaupokea kwa aliyeimba jana, anaongeza msiba wake, anaupitisha. Hata kwetu, mama anayeanzisha wimbo matangani haombi idhini ya aliyeutunga. Lakini kitabu kilichopigwa chapa kina tabia nyingine: kinaweka jina moja juu ya jalada, na majina mengine yote hutoweka. Mwaka 1964, klabu ya Mbari ya Ibadan, Nigeria, ile iliyoanzishwa mwaka 1961 na kuwakusanya kina Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Chinua Achebe, ilipomchapishia diwani yake ya kwanza, Rediscovery, jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la kijana wa miaka 29. Jina la mzee wa Anlo halikuwapo. Naamini kijana huyo aliliona deni, na nawaomba mfuatane nami nionyeshe jinsi alivyolilipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Accra ilikuwa mji wa watu wenye haraka. Ghana ilikuwa imepata uhuru tarehe 6 Machi 1957, Kwame Nkrumah alitaka utamaduni wa Kiafrika uwe na nyumba yake, na vijana waliotoka chuoni walijikuta wanaongoza taasisi kabla hawajaota mvi hata moja. Awoonor alifanya utafiti na kufundisha katika Taasisi ya Mafunzo ya Afrika pale Legon, akaliongoza shirika la filamu la taifa, na akashiriki kuanzisha jumba la michezo ya kuigiza. Alikuwa pia mhariri wa jarida la waandishi wa Ghana, ambalo mwandishi wa tamthilia Efua Sutherland alikuwa miongoni mwa walioliasisi. Jarida hilo liliitwa Okyeame.

Neno hilo ni la Kiakan. Katika baraza za machifu wa Akan, chifu hasemi na watu moja kwa moja, wala watu hawamjibu yeye moja kwa moja. Maneno hupitia kwa okyeame, mzee mwenye kushika fimbo ambayo kichwa chake kimechongwa sanamu yenye methali ndani yake. Chifu hunena kwa sauti ya chini, na okyeame huyachukua maneno hayo, huyapanga, huyapamba kwa methali, kisha huyatoa barazani. Huyu si kasuku, maana asipokuwa na ufasaha wake mwenyewe hafai. Lakini neno analolisema haliwi lake. Likimpendeza mtu, anasifiwa chifu, na likileta vita, okyeame haruhusiwi kusema kwamba hakulisikia. Watu wa Ewe nao wanaye mtu wa kazi hiyo, humwita tsiami.

Mimi nimehariri makala za wanafunzi na diwani ndogo za mashairi kwa miaka mingi, na sijawahi kukuta maelezo ya kazi ya mhariri yaliyo bora kuliko fimbo hiyo ya okyeame. Mhariri mbaya ni wa namna mbili: yule anayepitisha kila kitu kama kilivyokuja, na yule anayekiandika upya mpaka mwenyewe hakitambui. Wa kati yao ni adimu. Walioliita jarida lao kwa jina hilo walikuwa wanajiwekea kiapo, na Awoonor alikishika kiapo hicho hata baada ya kuliacha jarida.

Kuna kiungo kingine ambacho kinatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1961, kule Kampala, Rajat Neogy, mwana wa Kampala, alianzisha jarida la Transition, ambalo kwa miaka michache liligeuka kuwa uwanja wa mjadala wa bara zima. Mwaka 1968 serikali ya Milton Obote ilimtia Neogy kizuizini, na jarida likanyamaza. Lilipofufuka mwaka 1971 lilikuwa limehamia Accra. Awoonor alikuwa mhariri mshiriki wa Transition, na nasema hivi ili tusidhani kwamba alikuwa mgeni aliyetokea tu siku moja hapa kwetu. Jarida lililozaliwa ukingoni mwa ziwa letu lilipokosa makao lilipata hifadhi katika mji wake, na yeye alikuwa miongoni mwa waliolibeba.

Tarehe 24 Februari 1966 jeshi la Ghana lilimpindua Nkrumah. Mwaka uliofuata Awoonor aliondoka nchini, akasoma London, kisha akavuka hadi Marekani, akafundisha fasihi katika chuo kikuu cha jimbo la New York kule Stony Brook, na mwaka 1972 akapata shahada ya uzamivu. Ilikuwa katika miaka hiyo alipoliacha jina la George Awoonor-Williams akawa Kofi Awoonor. Riwaya yake, This Earth, My Brother, ilitoka mwaka 1971. Ni hadithi ya mwanasheria anayerukwa na akili katika nchi iliyopata uhuru ikapoteza njia, na sura zake za kawaida zinapishana na sura zenye lugha ya kishairi ambamo mwanamke wa baharini anamwita. Riwaya hiyo inastahili jioni yake peke yake, kwa hiyo nitaipita. Mwaka huo huo yeye na Geormbeeyi Adali-Mortty walihariri mkusanyiko wa ushairi wa Ghana ulioitwa Messages, ukachapishwa na Heinemann katika ule mfululizo wa waandishi wa Afrika tuliosoma sote.

Kitabu ninachotaka kukaa nacho ni kingine, chembamba, kisichojulikana sana hapa kwetu. Kilitoka mwaka 1974 na kinaitwa Guardians of the Sacred Word, yaani walinzi wa neno takatifu. Awoonor, ambaye kwa wakati huo alikuwa mshairi mwenye jina kubwa na profesa, aliwaendea wazee watatu wa Kiewe, akazisikiliza nyimbo zao, akazifasiri kwa Kiingereza na kueleza maisha ya kila mmoja. Wa kwanza ni Akpalu. Hapo mzee yule anasimama kwa jina lake kamili, na ufukara wake, na ukosefu wake wa mtoto, na nyimbo zake zikiwa zake. Wa pili ni Amega Dunyo. Wa tatu ni Komi Ekpe, bingwa wa halo, ushairi wa matusi na kashfa ambao vijiji vya Anlo vilikuwa vikirushiana, kila upande ukichimbua aibu za ukoo wa mwenzake hadi serikali ya Nkrumah ikaupiga marufuku kwa kuhofia umwagaji wa damu. Wasomaji wa Muyaka bin Haji wa Mombasa hawatahitaji kuelezwa zaidi nguvu ya shairi la kujibizana.

Katika kitabu hicho Awoonor anaeleza juu ya hadzivodu, mungu wa nyimbo. Kwa watu wa Ewe mtunzi hajigambi kwamba kipaji ni chake, bali amekabidhiwa, na anawajibika kwa aliyemkabidhi. Hebu tulitazame tena lile swali la wizi tukiwa na jambo hili mkononi. Mshairi ambaye angetaka kuficha alikochota asingekwenda mwenyewe kukichimba kisima mbele ya macho ya watu. Alifanya zaidi ya kukiri. Aliandika kitabu kizima ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua, akaweka ukurasa wa Akpalu kando ya ukurasa wa Awoonor, akaona kila mstari ulikopita. Hilo ndilo ninaloliita kulipa deni, na ndiyo sababu nashikilia kwamba uhariri wake na ushairi wake si kazi mbili. Mwaka uliofuata, 1975, alichapisha The Breast of the Earth, uchunguzi mpana wa historia, utamaduni na fasihi ya Afrika kusini mwa Sahara, na humo pia malenga wasioandika wanakaa meza moja na wenye vitabu.

Mtaniuliza kwa nini, akiwapenda hivyo, hakutunga kwa Kiewe. Ni swali zuri, na sisi tunaoandika Kiswahili tuna haki ya kuliuliza kwa sauti. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona nilipojaribu kumfasiri. Nilipoichukua mistari yake kuileta katika Kiswahili, mara nyingi sikuwa na kazi kubwa. Kudra, kinyonga, ua uliovunjika, mvua inayokunyeshea ukigeukia huku na jua linalokuchoma ukigeukia kule: vyote vilikaa mahali pake kana kwamba vilikuwa vinasubiri. Kiingereza chake kilikuwa kimelazimishwa kutembea kwa miguu ya Kiewe, na Kiewe na Kiswahili hujuana kwa mengi katika namna ya kulia.

Mwaka huo huo wa 1975 alirudi nyumbani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cape Coast. Ghana ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Ignatius Acheampong. Tarehe 31 Desemba alikamatwa kwa tuhuma za kumsaidia afisa wa jeshi aliyeshutumiwa kula njama ya kupindua serikali. Alikaa kizuizini miezi mingi ya mwaka 1976 kabla ya kufikishwa mahakamani, sehemu ya muda huo akiwa peke yake, ndani ya ngome ya Ussher mjini Accra. Alipatikana na hatia, lakini akaachiwa kabla ya mwaka kwisha.

Ngome ya Ussher ilijengwa na Waholanzi katika karne ya 17, kando ya bahari. Zingatieni hapo. Mtoto aliyekulia karibu na mji unaoliwa na bahari na wenye ngome ya watumwa, anafungiwa akiwa mtu mzima ndani ya ngome nyingine ya zama zile zile, na watu wa taifa lake mwenyewe, na nje ya kuta bahari ni ile ile. Diwani aliyoitoa mwaka 1978 aliiita The House by the Sea, nyumba iliyo kando ya bahari. Hakuiita gereza. Mashairi ya diwani hiyo ni makavu kuliko yale ya ujana, mistari imekatwa mifupi, na mwimba mbolezi amepunguza mapambo. Kwangu mimi ndiyo diwani yake bora, ijapokuwa najua wengi humpenda zaidi yule kijana wa mwaka 1964.

Miaka yake ya siasa nitaipitia haraka. Alikuwa balozi wa Ghana nchini Brazil kuanzia mwaka 1984, kisha Cuba kuanzia 1988, na kutoka 1990 hadi 1994 mwakilishi wa kudumu wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwaka 2009 hadi mwanzoni mwa 2013 alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Taifa, chombo cha wazee kinachomshauri rais. Kazi hizo za mwanzo alizifanya chini ya serikali ya Jerry Rawlings, iliyoingia madarakani kwa mtutu wa bunduki, na wapo waliomwuliza inakuwaje mtu aliyefungwa na wanajeshi akawatumikia wanajeshi. Ni swali la haki, na linauma zaidi kwa sababu linamhusu mtu tunayempenda. Sidhani okyeame anaweza kulikwepa kwa kusema kwamba maneno hayakuwa yake, na kwa heshima yake ni bora tuliache wazi kuliko kulifunika. Jambo moja najua: safari zile zilimzalia diwani nyingine mwaka 1992, ya Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, ambamo anawasikiliza watu waliopelekwa huko kupitia ngome kama ile ya Keta.

Na sasa nifike siku ile.

Septemba 2013 alikuja Nairobi kwa tamasha la fasihi la Storymoja Hay. Alikutana na waandishi vijana akawafundisha, kazi ambayo alikuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka 50. Jumamosi tarehe 21 alikuwa asome mashairi yake jioni. Mchana alikwenda na mwanawe Westgate, jumba la maduka la hapa jijini. Mnajua kilichotokea. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na wengine wamo katika familia za watu waliokaa ukumbini hapa, kwa hiyo sitasimulia. Mwanawe alijeruhiwa, akapona. Yeye hakupona. Jioni ile mashairi hayakusomwa, na tamasha likavunjwa. Alirudishwa kwao.

Kwa muda mrefu nilipolifikiria jambo hili niliona aibu ya mwenyeji. Kwetu mgeni akifia nyumbani mwako, msiba ni wako. Watu waliotoka katika mila ya mbolezi wana haki ya kutuuliza: mlimwimbia nini? Ni kweli kwamba tuliweka maua, tukawasha mishumaa, na magazeti yakaandika. Lakini mbolezi haiulizi kama ulihuzunika, inauliza kama ulitaja alichoacha, jembe na mtungi, kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana jioni hii nimechagua kuwahesabia vitu: diwani ya Ibadan, jarida la Accra, jarida la Kampala, wazee watatu wa Kiewe, nyumba iliyo kando ya bahari.

Kimebaki kimoja. Alipokuja Nairobi, diwani yake kubwa ya mashairi teule na mapya ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Mhariri wake alikuwa Kofi Anyidoho, mshairi na msomi wa Kiewe aliyemfuata kwa kizazi, na dibaji iliandikwa na Kwame Dawes, mshairi aliyezaliwa Accra na kukulia Jamaica, jamaa yake, ambaye alikuwapo hapa Nairobi siku hiyo hiyo. Kitabu kilitoka mwaka 2014, kikiitwa The Promise of Hope, cha kwanza katika mfululizo wa ushairi wa Afrika wa chuo kikuu cha Nebraska. Aliyekuwa okyeame wa Akpalu naye amepata okyeame wake, na jina lililo juu ya jalada ni lake.

Mpangilio wa kitabu hicho umenishika moyo tangu siku nilipokifungua. Kinaanza na mashairi mapya ya mzee, na kila ukifunua ukurasa unarudi nyuma: miaka ya Karibi, kisha ngome ya Ussher, kisha Marekani, mpaka unafika mwishoni unamkuta kijana wa mwaka 1964 na mbolezi yake ya kwanza. Kinatembea kinyumenyume, kama walivyotoka wale watu wa Notsie usiku.

Nakala ninayo hapa. Mmoja wa wanafunzi wangu amefasiri mashairi manne kwa Kiswahili, mawili ya mwanzo wa kitabu na mawili ya mwisho, na nimemwomba ayasome kwa mpangilio huo huo wa kitabu. Karibu mbele, mwanangu.